Rangi ya Jino Kavu

Mwalimu aliingia na utani wake. "Daktari, mimi nasimama mbele ya watoto hamsini. Ukinikosea hili jino la mbele watanipachika jina, na nitazikwa nalo!"

Sasa alikuwa kitini, mdomo wazi kwa dakika arobaini. Jino lilishasagwa likabaki kishina. Kilichobaki ni kuchagua rangi ya taji, lile gamba la kauri la kulivalisha. Msaidizi, binti aliyeshika mrija wa kunyonya mate, aliyatazama meno mengine yakikauka. Jino likikauka hupauka. Ukilinganisha rangi wakati huo, taji litatoka jeupe kama kikombe, na meno jirani yakilowa tena yatarudia rangi yao.

Aliyajua haya kutoka kinywani mwake mwenyewe. Daktari alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake. Mwaka uliopita alimwekea taji bure, akapima rangi mwishoni kwa haraka zake. Tangu hapo binti huyu hajacheka bila kuziba mdomo kwa kiganja. Angesemaje? Kazi ni ya shemeji, nyumba anayolala ni ya shemeji, na dada mtu haishi kumwambia kila mgeni, "Muoneni, kazi ya mume wangu hiyo!"

Daktari alichukua kipimo, vile vijino vya rangi mbalimbali vilivyopangwa kwenye ubao mdogo.

"Daktari," msaidizi alisema. Sauti ilipotelea kwenye barakoa. "Yamekauka."

"Nini?"

"Meno. Si anaondoka na jino la muda? Tungepima kesho asubuhi, kabla hajakaa mdomo wazi."

"Ahaa! Kumbe leo tuko madaktari wawili." Akamgeukia mwalimu. "Msamehe bure, mama. Hakulala vizuri."

Akasogeza kijino cheupe kwenye midomo ya mwalimu. Msaidizi akaweka mrija chini, akaenda dirishani kwenye mwanga, akashusha barakoa.

"Mwalimu, hebu nitazame."

Akatabasamu. Mikono aliiacha pembeni, hakuziba mdomo.

Mwalimu alimtazama. Utani wote ulimtoka. "Hilo la katikati?"

"Ndiyo."

"Limewekwa hapa?"

Msaidizi akapandisha barakoa. Daktari alikuwa anapangusa kioo kilichokuwa safi tayari.

"Basi nitarudi kesho, mwanangu," mwalimu alisema taratibu. "Asubuhi na mapema."

Daktari alimwekea jino la muda, akamsindikiza hadi mlangoni kwa heshima zote. Aliporudi, alivua glavu moja, kisha nyingine.

"Mwaka mzima, shemeji. Mbona hukusema?"

Msaidizi alikuwa na jibu, ila lilimfaa mtu mwenye pengine pa kulala. Akainama, akaanza kukusanya pamba.

"Naweza kulikata hilo taji nikakuwekea jingine," daktari alisema. "Lakini dada yako atauliza lile la kwanza lilikuwa na nini. Utamwambia wewe, mimi simo."

"Basi liache, shemeji."

"Umesema wewe."

Walifunga saa kumi na moja. Nje, daktari aliwasha gari, akainama kumfungulia mlango kwa ndani, akangoja akitazama mbele. Msaidizi alisimama kidogo na mkoba wake. Kisha akapanda. Hakukuwa na gari jingine lililoelekea anakolala.