Kisigino cha Emmett

Asubuhi aliyofariki Emmett, kahawa yake ilikuwa bado ya moto mezani. Jioni studio ikatuletea maua yenye kadi: "Kwa mjane wa mzimu wetu." Nililia, kisha nikacheka, maana yeye mwenyewe angecheka.

Mume wangu, Emmett Haverty, ndiye aliyekuwa akibeba vitu vya mzimu katika filamu za vichekesho za studio. Walimvika mahameli nyeusi tangu utosini hadi nyayoni, wakamsimamisha mbele ya pazia jeusi asionekane, akainua kofia au glasi ya wiski. Kwenye filamu kofia ilielea peke yake. Miaka yote ile hapa Hollywood sikumwona kwenye picha hata mara moja. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake.

Baada ya mazishi, Ida Kessel, anayekata na kuunganisha filamu, aliniita kwenye chumba chake cha kazi.

"Shoga, kaa hapa. Usipepese macho."

Akaendesha kipande. Mzimu anamvulia kofia mama mkwe wake. Kofia inainama, inasita, halafu inatikisika. Chini, gizani, kitu cheupe kikapita.

"Nini hicho?"

"Kisigino cha mumeo! Soksi imemteleza na mahameli inamwasha. Anajikuna kwa mguu wa pili, mtu mzima na ndevu zake!"

Nikamwomba arudishe. Akarudisha mpaka mashine ikapata joto.

"Bwana Prentiss akikiona, atakikata," akasema. Huyo ndiye mwongozaji.

"Basi usimwambie."

"Mimi? Yule simwambii hata saa ni ngapi."

Filamu ikapelekwa Pasadena ijaribiwe kwa watazamaji. Nilikaa nyuma ya Bwana Prentiss, mikono nimeikalia. Kofia ilipoinama, ikasita, ikatikisika, ukumbi mzima ukaangua kicheko.

"Mzimu ana chawa!" mama mmoja akapaza sauti, na watu wakaanza kucheka upya.

Taa zilipowaka, Prentiss alimgeukia Ida, aliyekaa kando yake. "Ule mtikisiko sikuuagiza mimi. Na pale chini kuna kitu cheupe. Kesho nitakitazama."

"Tazama, bosi. Lakini ukikiondoa kicheko kile, matajiri wa studio watakuondoa wewe."

"Nakuuliza, kile cheupe ni nini?"

Ida akainamia mkoba wake. Nikaona tukichelewa kidogo tu, Emmett ataishia sakafuni kwa Ida pamoja na vipande vingine vya filamu vya kufagiwa.

"Ni mume wangu," nikasema. "Kisigino chake."

Prentiss akageuka, akanitazama mpaka akanitambua. Akavua kofia, akaipangusa, ingawa haikuwa na vumbi.

"Yule bwana nilimwajiri asionekane," akasema.

"Najua."

"Kila siku nilimwambia, Haverty, tulia! Na sasa hata kaburi limeshindwa kumtuliza." Akairudisha kofia kichwani. "Ida, kiache."

"Nilikuwa sijakigusa, bosi."

Filamu sasa inaonyeshwa kwenye sinema iliyo karibu na kituo cha tramu, mara mbili kwa siku, na Jumapili mara tatu. Mimi huenda ile ya mchana.