Ukurasa wa Kabureta

Usimwone Mwantum mdogo wa mwili ukadhani ni mtu wa kuchezewa. Msichana yule alikuwa na kichwa kigumu! Mwaka ule wa 1969, wenzake wa chuo kikuu wakienda ziwani kila Jumamosi, yeye alijitwika kapu la vitabu kutoka mtaani kwao Buyenzi mpaka gerezani, bila mshahara wala asante. Alikuwa amejitolea. Mama yake alimwambia wazi: "Wenzako wanatafuta wachumba, we unatafuta wafungwa." Mwantum akacheka, akaendelea kufunga kapu.

Kabati moja, vitabu arobaini na kitu, na ubao wa kuwafundishia wasiojua kusoma: hiyo ndiyo maktaba. Na bwana direkta, mkuu wa gereza, Callixte, hakuipenda hata siku moja. Alijua vizuri jinsi wafungwa wanavyotamani karatasi nyembamba za kusokotea tumbaku. Basi kila Jumamosi alihesabu mwenyewe kurasa za kitabu kilichorudi, akilamba kidole. "Ukipotea ukurasa mmoja tu, mamuzeli," alikuwa akimwambia msichana huyo, "kabati nalichukua, naweka mafaili yangu, na ubao natupa nje."

Jumamosi moja ukapotea. Tena katika kitabu cha ufundi wa magari, cha Kiswahili, kilichogombaniwa kuliko vyote, maana nusu ya wafungwa walikuwa mafundi. Ukurasa wa kabureta haukuwepo.

"Wameuvuta," alisema direkta. "Nilikwambia."

Kulikuwa na wanaume kumi na wanne mle ndani wanaounganisha herufi kwa jasho, na sasa ubao wao utatupwa nje. Mwantum akawageukia kwa hasira zake zote. "Nani amevuta kitabu changu? Aseme! Hamuoni haya?"

Kisha akainuka Seifu, fundi kijana wa Buyenzi aliyekamatwa na spea za wizi. Miezi minne nyuma hakujua hata herufi ya jina lake.

"Apana kuvuta, dada," alisema, macho chini. "Mi sivuti kabisa. Nimeutuma kwa mama."

"Kwa mama? Mama yako ana gari?"

Watu wakaangua kicheko, Seifu akaona haya mpaka masikioni. Ndipo akaeleza. Ule ulikuwa ukurasa wa kwanza aliousoma peke yake, toka juu mpaka chini, bila kusaidiwa. Furaha ikamzidi, akauchana, akautia ndani ya sufuria tupu ambayo dada yake, Sijaona, huja kuichukua baada ya kumletea chakula. Polisi wa mlangoni wanatafuta barua za mkono. Karatasi ya chapa wakadhani ni ya kufungia kitu tu, wakaiacha ipite.

Direkta akajikuna kidevu. "Wiki moja," alisema. "Uwe umerudi."

Kesho yake asubuhi Mwantum alikuwa uani kwa Bi Mwanvua, mama yake Seifu, aliyekuwa akichambua ndagala, vile visamaki vya ziwani. Ukurasa ulikuwa umekunjwa ndani ya kitambaa cha hariri, ndani ya sanduku la nguo za Idi.

"Apana," alisema Bi Mwanvua, hata maelezo hayajaisha. "Mutoto wangu hajawahi kuniandikia. Hii ndiyo barua yake."

"Mama, si barua. Ni mambo ya kabureta."

"Kwani sijui? Jirani yangu Shaabani alinisomea. Eti fungua skrubu nne, toa bakuli, osha na petroli. Nililia toka skrubu ya kwanza! Sijaona kaniambia mutoto wangu ameyasoma yote hayo kwa macho yake, na we unataka nikupe?"

Angemlaumu vipi, na yeye mwenyewe machozi yako karibu? Mwishowe akasema, "Nikikuletea barua yake ya kweli, ya mkono wake, utanipa huu?"

Bi Mwanvua akamtazama sana. "Mkono wake yeye. Si wako, si wa mwenzake wa chumbani. Nitajua."

Utajuaje na husomi? Mwantum alitaka kuuliza, lakini kwa heshima akaaga.

Shida ikabaki kwa Seifu, maana kusoma alijua, lakini kuandika kulimtia hofu. Jumatano Mwantum akapewa ruhusa ya kuingia. Seifu alishika kalamu kama spana, akatoka jasho saa nzima. Aliomba aandikiwe mfano wa kunakili, Mwantum akakataa katakata. Barua ilipopita kwa direkta, kama barua zote za wafungwa, Callixte aliisoma, akatazama dirishani kidogo, akagonga mhuri. "Haya, kimbia," alisema, na kwa mara ya kwanza Mwantum akayaona meno yake.

Bi Mwanvua alijifunga kanga upya kabla ya kukaa. "Soma."

Mwantum akasoma: "Mama. Ni mimi Seifu. Sijambo. Naandika mimi mwenyewe. Ndagala za Jumapili zilikuwa na chumvi nyingi."

Bi Mwanvua akajipiga paja. "Wallahi ni yeye! Tangu ana meno mawili ananisumbua na chumvi, mjeuri yule!" Akacheka huku analia, akafungua sanduku, akampa ukurasa bila hata kuuangalia. "Chukueni magari yenu."

Jumamosi direkta alihesabu, kurasa zikatimia. Akakirudisha kitabu kabatini kwa mkono wake, akauliza kama chaki inatosha. Mwantum alitoka mlangoni akitamani kupiga vigelegele.

Nje akamkuta Bi Mwanvua. Siku hiyo hakumtuma Sijaona. Alikuwa amekuja mwenyewe, sufuria kichwani, barua kifuani.

"Nataka kumujibu," alisema. "Na usiniandikie, mwanangu. Nishike tu mukono kwa herufi ya kwanza."