Mahali Nilipoandika Haitokei

Usiku wa jana niliota nimefika kazini na viatu viwili miguuni, na mlango wa maabara ukanikatalia kuingia.

"Cha kulia na cha kushoto ni aina mbili," ulisema. "Chagua kimoja."

Nikavua cha kushoto. Sikuona ajabu. Kazi yangu ni aina hasa: natunga lugha ya kompyuta ambamo kila kitu hutaja aina yake kabla hakijapita, ili programu isije ikakwama njiani. Anayekubali na kukataa ni programu nyingine, tunaiita Mkaguzi. Nilimtunga mwenyewe, na hana haya.

Ndani, namba na maneno wamekaa mabenchi tofauti, hawasalimiani. Sifuri amekalia kiti changu.

"Sogea," namwambia.

"Nisogee na nini, nami sina kitu?"

Nikawa natembea huku na huku kwa kiatu kimoja. Roho haikutulia hata kidogo. Siku hiyo ndiyo nilitakiwa kuwasilisha uthibitisho kwamba lugha yangu haikwami kamwe, na bila uthibitisho huo sina kazi.

Mara maabara si maabara tena, ni mlango wa jikoni kwetu Usangi. Mama yangu amekwama katikati yake, nusu ndani, nusu nje, birika mkononi.

"Mama, vipi tena?"

"Muulize huyu mtu wako. Kanishikilia hapa, na nguo zangu ziko kambani, mvua inakuja."

Huyo mtu alikuwa Mkaguzi. Ana shingo ndefu na hajui kucheka.

"Hana aina," alisema. "Asiye na aina hapiti."

"Lakini ni mama yangu!"

"Hilo ni jina. Ukimpa kitu, anatoa nini? Nijibu hali zote. Ukimpa mgeni?"

"Chai ya tangawizi."

"Ukimpa habari mbaya?"

"Chai ya tangawizi."

"Ukimpa shahada ya uzamivu?"

"Chai ya tangawizi, na kilio kidogo."

"Ukimpa kimya?"

Hapo nikachangamka. Katika fani yetu, hali isiyowezekana haijibiwi. Unaandika *haitokei*, Mkaguzi anaridhika, unaendelea na shughuli zako. Nimeliandika neno hilo mara nyingi kuliko jina langu. Nikaokota mkaa, nikaliandika ukutani kwa mwandiko mzuri.

Mlango ukambana Mama zaidi. Akaguna.

"Hii hutokea," alisema Mkaguzi. "Hutokea kila Jumapili usipompigia simu."

"Nilikuwa na uthibitisho!"

"Uthibitisho si aina ya salamu."

Niliona aibu, na kwa sababu ya aibu nikapandwa na hasira. Nikausukuma mlango kwa bega, ukarefuka. Nikausukuma tena, ukaota ngazi. Mama akaanza kuhema.

"Mbona humuulizi mwenyewe?" likasema birika.

Sikuwa nimelifikiria hilo. Sisi huthibitisha, hatuna mazoea ya kuuliza.

"Mama, nikikupa kimya, unatoa nini?"

"Si nachemsha chai? Namimina vikombe viwili. Changu nakunywa. Chako nakifunika na kisahani, kesho yake namwaga. Ulidhani nafanya nini, mwanangu?"

"Anatoa kikombe," alisema Mkaguzi, "na upande wa pili hakuna anayekipokea. Ndipo panapokwama."

Moyo uliniuma, nasema kweli. Mama akapenyeza kikombe kati ya ubavu wake na mlango. Chai ilikuwa ya baridi, imeshika utando juu. Nikainywa yote nikiwa nimesimama.

Mkaguzi akafuta neno langu ukutani kwa kiganja. "Apite," akasema. Mama akatoka, akanyoosha mgongo, akaenda kuanua nguo zake.

Nikaamka. Kumekucha, theluji imeziba nusu ya dirisha, kompyuta iko mezani na uthibitisho wangu unasubiri. Nikauacha usubiri. Nikapiga simu Usangi.

Mama hakungoja hata nimwamkie.

"Nakijwa, hebu nisaidie. Jana nimelala mlango nimeufunga kwa komeo. Kikombe chako nimekiacha kimejaa, kimefunikwa. Sasa hivi nafunua nimwage, nakuta machicha ya chai matupu."