Duara la Miyenzi

Delphin alitoka Goma na magari mawili na neno moja la Kifaransa, participatif, yaani shirikishi, alilolisema kila baada ya pumzi mbili. Alikuwa msanii. Sisi wa mlima huu wa Masisi hatukuwahi kumwona msanii anayelipwa ili kazi waifanye wengine, kwa hiyo tulimkaribisha vizuri. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wanasema. Mimi bado nangoja kupona.

Alituita kwenye uwanja wa kanisa, wakulima upande huu, sisi wenye ng'ombe upande ule, maana ndivyo tunavyokaa hata tusipopangwa. Akaeleza. Kila mtu angekata kijiti cha muyenzi, akipake rangi aipendayo, akifunge kibao chenye jina lake, kisha tungevipanda vyote pamoja kufanya duara kubwa la umoja.

"Mupaka inatenganisha watu," alisema, mikono hewani. "Sisi tutakamata ile ile miti ya mupaka, tuifanye duara ya kuunganisha. Iko participatif. Munaelewa?"

Tulielewa sana. Muyenzi hapa kwetu si pambo, ni uzio. Ukitaka shamba liwe lako, unakata vijiti vya muyenzi, unavichomeka ardhini, vinashika hata udongo ukiwa mkavu, na baada ya muda hakuna shefu, yaani mkuu wa kijiji, atakayekuuliza karatasi. Anayepanda miyenzi ndiye mwenye ardhi. Mtoto wa shule ya msingi anajua hilo. Delphin mwenye diploma mbili hakujua, na kati ya watu zaidi ya mia waliokuwa pale hakuna aliyefungua kinywa kumwambia. Mimi nilikuwepo. Naitwa Muhawenimana, nauza maziwa, na kinywa changu kinajulikana mpaka Ntoto. Lakini siku hiyo nilikuwa nimeshapewa tisheti yake ya umoja.

"Tunatafuta nafasi ya tambarare," Delphin akasema.

Hapo akasimama shemeji yangu Nzabonimpa, kaka mkubwa wa mume wangu, mwenyekiti wa kila komite iliyowahi kuundwa hapa, pamoja na zile ambazo hazikuwahi kukutana.

"Nafasi iko. Shamba ya Mama Mukagasana. Nilishasema naye, alikubali."

Uongo mtupu. Wiki ile Mukagasana alikuwa kijiji cha Mpofi, akimtunza dada yake aliyejifungua. Mume wake alikwenda Omate kuchimba madini miaka minne iliyopita na hajatuma hata salamu. Shamba lile ndilo linalomlisha yeye na watoto wake watatu, na Nzabonimpa analimezea mate tangu mume alipoondoka, apate pa kulaza ng'ombe wake. Sote tulijua. Wakulima walinyamaza kwa sababu ng'ombe wakipata mahali kwa Mukagasana hawatakanyaga kwao. Sisi wafugaji tulinyamaza kwa sababu mwizi alikuwa wa kwetu. Huo ndio umoja aliotuletea Delphin, na kusema kweli ulifanya kazi.

Tukapanda. Muyenzi ukikatwa unatoa utomvu mweupe unaochoma macho vibaya, na msanii wetu akajifuta jasho kwa mkono uleule alioukatia. Tuliimba wimbo wa umoja huku yeye amelala chali nyuma ya gari, Mama Byukusenge, jirani yangu mkulima, akimmiminia machoni maziwa ya ng'ombe wangu. Kijiti changu nilikipaka buluu na jina nikaliandika kwa herufi kubwa. Nilicheka sana siku ile, nilifurahi. Nikikana nitakuwa mwongo kama shemeji.

Mukagasana alirudi siku tisa baadaye. Kabla hata ya kutua mzigo alisimama mbele ya duara, kisha akalizunguka lote polepole akisoma majina. Aliowakopesha mbegu. Waliomzikia mama yake. Katekista Paul. Alipofika kwenye kibao changu alikaa nacho kidogo, halafu akainua macho na kuutazama mlango wangu. Nikaingia ndani.

Akaenda kwa shefu. Shefu wetu anaogopa kila mtu, kwa hiyo alitoa hukumu isiyomuudhi yeyote ila mwenye haki.

"Muntu mwenye kupanda, njo mwenye kung'oa," alisema, maana yake kila mtu ang'oe chake mwenyewe. "Weye Mama, usiguse hata kimoja. Na kama mvua ya kupanda maharagwe inakuta duara ingali imefungwa, shamba iko ya komite."

Komite maana yake Nzabonimpa. Na mawingu yalikuwa yameshaanza kukaa juu ya mlima.

Nilimpigia Delphin. Namba yake ilikuwa imeandikwa mgongoni mwa tisheti.

"Kaka Delphin, duara yako inamunyang'anya mama shamba."

"Ah, dada," alisema, sauti tamu, "kazi ikishatoka mu mikono ya msanii, iko ya communauté, ya watu wote. Communauté njo itaamua. Miye niko njiani kwenda Ntoto, tunaenda kupanda ingine."

Nilimdharau mpaka mate yakawa machungu. Lakini yeye angalau hakujua. Mimi nilijua, na kijiti nilikipaka rangi.

Nikatoka nikaenda moja kwa moja kwenye kijiti changu. Nzabonimpa alikuwa pale, akipima kwa macho mahali pa kuweka zizi.

"Shemeki, unafanya nini? Hii iko mali ya jamaa yetu!"

"Iko na jina yangu. Soma."

Nikang'oa. Kilikuwa kimeshaanza kuota mizizi, midogo, myeupe. Nikasimama nikingoja wengine wafuate. Watu walikuja, walitazama, walikunja mikono. Mama Byukusenge aling'oa chake, mumewe akamgombeza njia nzima mpaka nyumbani. Katekista Paul alisema kwanza aende akaliombee jambo hilo. Nadhani bado anaomba. Mpaka mvua inanyesha, waliong'oa walikuwa saba. Saba, katika kijiji kizima kilichoimba.

Shefu alikuja, akatazama yale mapengo, akakuna kichwa. Duara halikuwa limefungwa, wala halikuwa limevunjwa. Akasema Mama alime msimu huu, mengine yataonekana msimu ujao. Nzabonimpa akaondoka akitukana ukoo wetu wote, akasahau kwamba ni wake pia.

Asubuhi iliyofuata nilijiweka karibu na pengo langu, kwa kuwa ndilo lililo njiani, na bidoni ya maziwa kwa ajili ya watoto wake. Nitasema ukweli: nilikuwa nangoja kushukuriwa. Mukagasana akaja na jembe na kikapu cha mbegu, akasimama mbele yangu.

"Mama Muhawenimana. Hii pengo, ni weye uliifungua?"

"Njo miye."

"Na kijiti, nani alikichomeka?"

Kinywa changu, kile kinachojulikana mpaka Ntoto, kikaanza kusifu maziwa niliyoleta. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Yeye hakungoja nimalize. Aliitazama bidoni, akanitazama mimi.

"Weka hiyo maziwa chini. Kalete jembe."

Kwetu wafugaji, wanawake hatulimi, tunakamua. Nilikwenda kuazima jembe kwa Byukusenge, nikavaa ile tisheti ya umoja, maana ndiyo nguo mbovu kuliko zote nilizo nazo, nikarudi. Tulilima mpaka mchana, na watu wakipita njiani walitazama upande mwingine. Mstari wangu wa kwanza ulipinda vibaya. Mukagasana aliurudia wote, kuanzia mwanzo.