Ombi la Mara Moja

Watu walimwita Profesa, naye hakuwahi kuwakosoa. Alikuwa ameunda peke yake, chumbani kwake, programu ya kutunza kumbukumbu za wagonjwa, na zahanati kumi na moja ziliitumia. Mtu mmoja, meza moja, feni moja yenye kelele. Angekuwa na nusu ya akili aliyojidai kuwa nayo, angejua kwamba kazi hiyo imemzidi kimo.

Kila asubuhi alifungua maombi ya watumiaji na kuyasoma huku amebetua midomo. Karani wa mapokezi alitaka programu imtakie kila mgonjwa heri ya kuzaliwa. Mganga mkuu mmoja, mzee wa tai na manukato, alitaka maua ya waridi kwenye ukurasa wa kwanza, tena yawe yanachezacheza. "Mbumbumbu," Profesa alisema, halafu akawajibu wote kwa sentensi moja ya kiungwana: ombi lako limepokelewa.

Alikuwa na kanuni yake, na aliionea fahari kwelikweli. Ombi likija mara tatu, analifanyia kazi. Lisiporudi ndani ya mwezi, linajifuta lenyewe. Alidai kwamba hivyo ndivyo anavyotenga mchele na pumba. Alichokuwa akikitenga ni watu wenye haya, maana wapiga kelele hawachoki kuandika. Mganga mkuu aliandika mara tisa kuhusu waridi zake, na Profesa, huku akimtukana kimoyomoyo, akakaa wiki mbili akiyachezesha maua.

Wiki hizo alikuwa amezitenga kwa jambo jingine. Alijua fika kwamba programu yake ina ufa chini kabisa: mtandao ukikatika mtu anapoandika, maandishi hupotea, na bado skrini husema "Imehifadhiwa". Kuuziba ufa huo kulitaka mwezi mzima wa kazi isiyoonekana, na hakuna ambaye angempigia makofi. Basi kila mwezi aliusogeza mbele, akiwalaumu wajinga kwa kumlia muda.

Kisha shangazi yake, aliyemlea, akashikwa na kifua. Profesa akampeleka zahanati ya jirani, mojawapo ya zile kumi na moja, ambayo hakuwahi kuikanyaga kwa sababu mambo yake yote aliyamaliza kwa barua pepe. Daktari akaandika sindano, wakaelekezwa chumba cha muuguzi, mama mmoja wa makamo mwenye sauti ya chini. Kompyuta ilikuwa mezani. Muuguzi hakuigusa. Alivuta daftari lililochakaa, akaanza kufunua kurasa taratibu.

Profesa akainama na kusoma skrini. "Hapa inasema hana mzio wa dawa yoyote."

"Inasema," muuguzi akajibu, kidole kikishuka kwenye mistari. "Huyu hapa. Mwezi wa tatu alichomwa dawa hii hii, akavimba uso mpaka macho yakafunga. Pumzi ikawa inakata."

"Ndiyo ile iliyonivimbisha?" shangazi akauliza. "Mimi majina ya dawa siyajui."

"Ndiyo hiyo, mama. Siku ile niliiandika humo kwenye kompyuta kwa mkono wangu, ikaniambia imehifadhiwa. Kesho yake haipo. Nikaiandika upya humu daftarini, na tangu hapo kila kitu naandika humu."

Profesa akaiacha skrini. "Ungemwambia aliyeitengeneza."

"Nilimwandikia, mara moja, kwa adabu. Sina muda wa kumbembeleza mtu mzima afanye kazi yake." Akalisogeza kando sinia la sindano. "Wiki chache baadaye tukaletewa maua. Watu wanataka kufa, yeye anapanda maua. Sijui alilelewa na nani."

Profesa alitazama sakafu. Aliona aibu ambayo hajapata kuiona maishani, na alitamani shangazi yake akohoe, azimie, afanye lolote wapate kutoka humo chumbani.

Shangazi hakukohoa. Alikuwa amejiweka sawa kitini, uso umemchangamka, akamshika mpwa wake mkono.

"Aliyeitengeneza si ndiye huyu," akasema. "Nimemlea mimi. Kaitengeneza peke yake, hakusaidiwa na mtu."

Muuguzi akamtazama Profesa toka kichwani hadi viatuni, bila haraka.

"Hongera, mama," akamwambia shangazi, akachukua daftari lake na kwenda kumtafuta daktari abadilishe dawa.