Kovu Lililofutwa

Karani wa viza aliitazama picha, akamtazama dada yangu, akairudia picha. Mtu akikutazama mara mbili labda amekupenda. Akikutazama mara tatu, tena yuko nyuma ya kioo, shika roho yako.

"Huyu ni nani?"

"Ni mimi," dada akajibu.

"Kwenye pasi, picha waliyokupiga uhamiaji, una kovu juu ya jicho. Na sasa hivi ninaliona. Picha hii uso umenyooka kama yai. Picha zilizochezewa hatupokei."

Barua ya chuo ilikuwepo, vyeti vilikuwepo, majibu ya kipimo cha kifua yalikuwepo, barua ya mdhamini ndiyo usiseme. Dada alikwamishwa na uso wake mwenyewe.

"Naweza kurudi kesho?"

"Kesho ni ya wengine. Nafasi iliyo wazi ni mwezi ujao."

Mwezi ujao chuo kitakuwa kimeshafunguliwa, na walishamwandikia: asiyefika siku ya kwanza, nafasi yake anapewa mwingine. Karani alimwona jinsi alivyoshika ukingo wa dirisha. Akashusha sauti. "Lete picha ya kweli kabla sijafunga, adhuhuri. Nitamwambia mlinzi akupitishe."

Tukatoka mbio. Sikuuliza nani kaichezea picha. Ukoo wetu mzima hupiga picha kwa baba mdogo, fundi ambaye mtaa mzima humwita Poda. Kwa Poda hakuna mbaya. Ukiingia na chunusi, unaziacha mlangoni. Kuna bwana harusi alifutwa kitambi mpaka leo mkewe anauliza yule wa kwenye picha atarudi lini.

Tulimkuta kwenye kompyuta akimnyoosha mtu pua.

"Baba mdogo, umenimaliza!" dada akasema, pumzi juu juu. "Umefuta kovu!"

"Si nimekupendezesha? Mtoto wa kaka yangu aende ugenini na alama usoni, waseme kwao wanakatana mapanga?"

"Wanasema si mimi!"

"Basi hawana macho."

"Wanayo, ndiyo shida yenyewe," nikadakia. "Wangekuwa vipofu, dada angekuwa keshapanda ndege."

Hakucheka mtu. Hapo nikaogopa kweli, maana dada hunicheka hata msibani.

Dada akaketi kwenye stuli mbele ya kitambaa cheupe. Masikio nje, mdomo umefungwa, macho wazi. Taa ikapiga, lakini jasho likang'aa kama mafuta ya maandazi. Akajifuta, ikapiga tena. Picha ikatokea kwenye kompyuta, baba mdogo akaivuta karibu, na mkono wake ukaanza kutambaa wenyewe kuelekea kwenye kovu.

"Baba mdogo..."

"Natoa kivuli tu."

"Toa mkono!"

Sijawahi kumsikia dada akimfokea mkubwa. Baba mdogo naye hakuwahi, nadhani. Aliganda, macho kwenye picha.

"Unajua ulilipatia wapi hilo?"

"Nilianguka nikiwa mdogo."

"Uliangukia hapa. Nilikusimamisha juu ya stuli hiyo hiyo, nikakwambia tulia, nikageuka kutafuta filamu." Akaielekezea stuli kidevu. "Kila picha yako nalifuta. Sikosi hata moja."

Dada aliinua macho kwenye saa ya ukutani. Haki ya kukasirika alikuwa nayo. Muda ndio hakuwa nao.

"Huko niendako hakuna atakayekuuliza, baba mdogo. Lakini bila hilo kovu, siendi."

Baba mdogo akainuka, akatia mikono yote miwili mifukoni kama mtoto aliyekatazwa kufunua sufuria. "Kaa wewe kwenye kompyuta," akaniambia. "Nikikaa mimi, nitateleza."

Mashine ya kuchapa ikaitoa picha kwa madaha, mstari kwa mstari, kama biharusi asiyemtaka bwana. Dada aliinyakua kwa pembe, wino bado mbichi, tukarudi tunakimbia katikati ya barabara huku magari yakitutukana.

Mlinzi alitupitisha. Karani alikuwa ameshavuta pazia nusu. Akaipokea picha. Akaitazama. Akamtazama dada. Jasho lilikuwa likiteremka kwa kufuata njia ya kovu. Nilikuwa na mzaha kwenye ncha ya ulimi. Nikaumeza, mchungu kama kwinini. Akairudia picha, mara ya tatu.

"Huyu ndiye," akasema. "Sasa weka vidole hapa."

Dada aliviweka juu ya mashine ya alama za vidole. Ndipo kelele zikaanza getini. Baba mdogo alikuwa ametufuata, kiatu kimoja mguuni, stuli kwapani, anagombana na mlinzi.

"Niache nipite! Kamwambie mkubwa wako kovu ni la kweli! Shahidi ni mimi, nililiweka mwenyewe, na stuli ninayo!"

Dada akaangua kicheko, kile chake cha msibani.

"Binti, tulia," karani akasema, akiuma midomo. "Vidole vinacheka."