Saa Sabini na Mbili

Jumatano saa saba mchana, Eliza alikuwa anakula wali na maharage mezani kwake, mkono mmoja kwenye kijiko na mwingine kwenye kibodi. Ofisi ya ujumbe ya Umoja wa Bonde, muungano wa vijiji vya bondeni, ilikuwa Lipangalala mjini Ifakara, chumba kimoja chenye feni iliyolia kila ikizunguka. Festo, mkuu wa ofisi, alisimama nyuma yake akisoma kioo kana kwamba anakielewa.

Kazi yenyewe ilikuwa kuongeza chaguo kwenye faili la mipangilio ya seva. Umoja ulikuwa na seva tatu: moja Ifakara, moja Mlimba, moja Kisawasawa. Ujumbe ulioingia kwenye moja ulinakiliwa kwenye nyingine mbili, ili umeme ukikatika Ifakara watu wa Mlimba wasikose taarifa. Mipangilio iliamuliwa hivyo hivyo. Badiliko likikubaliwa na seva mbili, ya tatu inafuata.

Kila kiangazi, mpunga ukishavunwa, Umoja ulituma ujumbe kutaja mashamba yaliyofunguliwa kwa kulisha mabua. Aliyejibu kwanza ndiye aliyepata. Wafugaji walishinda porini na simu shingoni, wakajibu kabla wakulima wenye ng'ombe wa kulimia hawajanawa mikono. Kamati ya Umoja ilikaa ikaamua kwamba majibu ya wafugaji yasubirishwe saa sabini na mbili.

"Kwa nini sabini na mbili?" Eliza aliuliza.

"Kwa sababu ishirini na nne wangevumilia," Festo alisema.

Mahali sahihi pa kuandika chaguo hilo palikuwa kwenye aina ya ujumbe, yaani majibu ya malisho tu, kijiji kwa kijiji. Vijiji vilikuwa arobaini. Saa tisa Eliza alitakiwa awe shuleni kumchukua mwanawe, na mwalimu wa zamu alikuwa hapendi kungoja. Kwa hiyo aliliandika kwenye kundi. Mstari mmoja: kundi, wafugaji, subira, saa 72. Mlimba ikakubali, Kisawasawa ikakubali. Saa nane na dakika ishirini alifunga bakuli lake akaondoka.

Alhamisi asubuhi wanawake wafugaji wa Kisukuma walifika sokoni na madumu ya maziwa kama kawaida. Walifungua midomo kuyanadi na hakuna kilichosikika. Wateja walipita. Wenyewe kwa wenyewe walisikiana vizuri, wakaulizana kuna nini, wakarudi na maziwa yameganda.

Mtu wa kundi hilo akiongea na mtu asiye wa kundi, sauti ilifika siku ya tatu, saa ileile, mahali palepale. Akiandika, karatasi ilibaki nyeupe mpaka siku ya tatu. Vijana wa Kisukuma waliwapita wazee barabarani wakasema shikamoo, na wazee wakaenda nyumbani kulalamika kwamba watoto wa wafugaji hawana adabu. Jumapili salamu zilianza kuingia. Mstaafu mmoja wa mashamba ya miwa alisimama mbele ya duka lililofungwa akaitikia marahaba kumi na moja, kwa sababu salamu ni salamu, kisha akasema kwa hasira, "Mmechelewa."

Watu walizoea upesi. Vikao vya vijiji vilivyokuwa vinakwenda mpaka jua kuzama vikawa vinakwisha kabla ya chakula cha mchana. Mwenyekiti aliuliza kama kuna mwenye pingamizi, akatazama midomo ikicheza upande wa wafugaji, akasema hakuna, kikao kimefungwa. Siku ya tatu mapingamizi yalisikika darasani, mahali kikao kilipofanyikia, wanafunzi wakiwa kwenye hesabu. Mwalimu aliwaambia waendelee na kazi.

Jumatatu iliyofuata askari wa Umoja walikamata ng'ombe thelathini na mmoja waliovuka alama ya eneo lililozuiwa, wakawaswaga mpaka kwenye zizi la Umoja nje ya mji. Walikuwa wa Mbuke, mjane wa miaka sitini na kitu aliyekuwa akiishi upande wa mtoni na kuchunga mwenyewe tangu mumewe afariki. Hakuwa na shamba. Ng'ombe hao ndio waliokuwa maziwa, ada za wajukuu na kila kitu. Jioni simu yake ilipokea ujumbe kwamba aje awatambue kabla ya Ijumaa saa nne asubuhi, na kwamba wasiotambuliwa watapigwa mnada.

Zizini utambuzi ulikuwa na utaratibu wake. Alama za moto zilikuwa zinaghushiwa, na barua za mtendaji nazo zilikuwa zinaghushiwa. Ng'ombe hawaghushiki. Mwenye mali alisimama nje ya uzio akawaita mmoja mmoja kwa jina, na aliyeitwa akija ni wake. Silvano, mlinzi wa zizi, aliandika kwenye daftari. Kwa miaka minane utaratibu huo haukuwahi kuleta ugomvi.

Mbuke alifika Jumanne saa kumi alasiri, vumbi mpaka magotini. Alishika uzio akaita. Silvano aliona koo lake likipanda na kushuka. Ng'ombe waliendelea kula.

Mbuke aliwanyooshea kidole.

"Mama, kidole kila mtu anacho," Silvano alisema.

Aliita majina yote thelathini na moja, akipumzika kati ya jina na jina ili kila mnyama apate nafasi ya kuja. Hakuna aliyeinua kichwa. Silvano aliandika: mdai amefika, hakuita.

Jumatano asubuhi Mbuke aliingia ofisini Lipangalala, akaweka simu yake mezani mbele ya Eliza, ujumbe ukiwa wazi.

"Shikamoo, mama," Eliza alisema.

Midomo ya Mbuke ilicheza kidogo. Ile marahaba ilifika Jumamosi, ofisi ikiwa imefungwa.

Eliza alisoma ujumbe. Alimuuliza kama alikwenda zizini, Mbuke akatikisa kichwa kukubali. Alimuuliza ni lini na saa ngapi, Mbuke akahesabu kwa vidole. Jumanne, saa kumi. Eliza aliongeza siku tatu akapata Ijumaa saa kumi. Mnada ulikuwa Ijumaa saa nne. Pengo lilikuwa la saa sita.

"Huu mstari niliandika mimi," alimwambia. "Ni kosa. Nilitakiwa niuweke kwingine. Kaa hapo niutoe."

Alifungua faili, akafuta mstari, akahifadhi. Baada ya dakika moja mstari ulirudi. Akaufuta tena. Ukarudi. Seva ya Mlimba ilikuwa imekataa, na ya Kisawasawa ilikuwa imekataa, na ya Ifakara, ikiwa peke yake, ilifuata wenzake. Eliza alimpigia Leodegar, fundi wa Mlimba.

"Umegusa nini wewe?" Leodegar aliuliza kabla ya salamu.

"Natoa ile subira. Imeshika kila kitu wanachosema, siyo majibu ya malisho tu. Kubali kwako."

"Sikubali. Huku kumetulia. Wiki nzima hakuna aliyekuja kunifokea dirishani."

"Wanakuja. Huwasikii tu."

"Ndiyo hivyo nasema, kumetulia. Eliza, acha kuharibu kitu kinachofanya kazi."

Leticia, fundi wa Kisawasawa, alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema mbuzi wa mama yake walikuwa wamepata mabua mwaka huu kwa mara ya kwanza, na kama Eliza ana uchungu sana awachukue wafugaji wakalale kwake. Akakata simu.

Festo alikuwa amesikia yote akiwa mlangoni. "Wawili kati ya watatu," alisema. "Si ndivyo ulivyotufundisha kwenye semina?"

"Basi iambie kamati isogeze mnada. Kwa saa sita tu. Ijumaa saa kumi sauti yake inafika, ng'ombe wanaitikia, wanaondoka naye."

"Nikisogezea mmoja, kesho wote watataka niwasogezee."

"Sogeza kwa wote."

"Wewe umeajiriwa kwenye mashine," Festo alisema, "mashine haina shida. Na huyo mama mwambie atoke, kuna watu wanataka kukaa." Kwenye benchi hapakuwa na mtu mwingine.

Alhamisi Eliza aliomba ruhusa ya kumpeleka mtoto hospitali, akamwacha mtoto shuleni mzima kabisa, akapanda bodaboda mpaka zizini. Mbuke alikuwa pale tayari. Alikuwa amelala kando ya uzio, kanga ikiwa imeloa umande.

"Hawa ni wa huyu mama," Eliza alimwambia Silvano. "Unamwona alivyo. Na wao wanamjua, angalia."

Ilikuwa kweli. Ng'ombe sita au saba walikuwa wamesimama upande wa Mbuke, pua zimetoka nje ya uzio.

"Kuna majani mazuri upande ule," Silvano alisema. "Kwani ni wako?"

"Si wangu."

"Unajua majina yao?"

"Nitayajuaje, na yeye hasikiki?"

"Basi unanipotezea muda, dada. Nina fomu. Fomu ina sehemu ya aliyeita na sehemu ya hakuita. Nitajie sehemu ya tatu nikuandikie."

"Andika kwamba sauti inakuja kesho saa kumi."

Silvano aligeuza daftari akamwonyesha. Safu ya mwisho ilikuwa nyembamba, ikiisha kwenye saa nne.

Mbuke alikuwa anaongea wakati wote huo. Aliongea na Silvano, kisha na Eliza, kisha na ng'ombe, na maneno hayo yote yalifika Jumapili mbele ya Silvano na redio yake. Aliongeza sauti ya redio.

Ijumaa saa nne kamili mnada ulifunguliwa, na saa tano na nusu ulikuwa umekwisha. Mnunuzi alikuwa mmoja, mtu wa Mlimba aliyekuja na malori mawili, na hakuna aliyebishana naye. Mbuke alishika pembe za jike mmoja mwenye madoa, askari wawili wakamtoa, bila kumpiga, kama mtu anavyotoa nguo iliyonasa kwenye mwiba. Malori yaliondoka. Silvano alifagia mavi, akafungua geti ili kukauke.

Eliza alitoka kazini saa tisa, hakuaga. Saa kumi alikuwa amesimama na Mbuke nje ya uzio.

Sauti ilianza. Ilitoka pale Mbuke alipokuwa amesimama Jumanne, hatua mbili kutoka aliposimama sasa, nene na yenye nguvu kuliko Eliza alivyotarajia kwa mwanamke mwembamba vile. Iliita Kabula. Ikanyamaza muda wa ng'ombe mmoja kutembea kutoka katikati ya zizi mpaka kwenye uzio. Ikaita Milembe. Ikanyamaza. Ikaita Masala. Silvano aliweka ufagio chini akavua kofia, kisha akakumbuka kwamba hakuna msiba, akaivaa. Majina thelathini na moja yalichukua dakika ishirini na tano. Katikati ilisikika pia sauti ikimwomba Silvano asogee kidogo kwa sababu ndama anaogopa sare. Silvano akasogea.

Ilipoisha, alifungua daftari. "Ameita," alisema. "Hilo silikatai. Ila ukurasa umefungwa."

Mbuke alimgeukia Eliza akasema jambo. Lilikuwa fupi. Eliza alitazama saa: kumi na dakika ishirini na nane. Mbuke akajifunga kanga kiunoni akaondoka kwa njia ya mtoni, wala hakugeuka.

"Pole, mama," Eliza alisema. Mbuke alisikia. Kusikia hakukuwa na subira.

Jumatatu Festo alisoma barua ya kamati mbele ya wafanyakazi. Kamati ilipongeza ofisi kwa utulivu ulioletwa bondeni na ilipendekeza chaguo liwe la kudumu. Eliza alitajwa kwa jina. Alisubiri mpaka saa tisa, akampigia jirani amchukulie mtoto, akaenda zizini.

Zizi lilikuwa limejaa tena, mara hii mbuzi, kondoo na ng'ombe kama arobaini, wamekamatwa Jumamosi. Eliza alisimama alipokuwa amesimama Ijumaa. Saa kumi na dakika ishirini na nane sauti ya Mbuke ilisema karibu na sikio lake, taratibu, bila kufoka:

"Uliniambia ni kosa lako. Mtu akikosea anatoa alichokosea, wewe ulikwenda kuomba ruhusa. Usije kwangu na pole. Mbwa hawajafungwa."

Basi. Eliza alingoja kidogo kama kuna zaidi, hakukuwa na zaidi.

Upande wa pili wa uzio mwanamume wa makamo mwenye fimbo alikuwa amesimama, shingo imemtoka mishipa, akifumbua na kufumba mdomo, akipumzika kati ya mara moja na nyingine. Wanyama walikuwa wanakula. Silvano alimsubiri amalize, akalamba ncha ya kalamu, akaandika mstari mmoja.

"Huyu sauti yake ni Alhamisi," alimwambia Eliza.

"Na mnada?"

"Jumatano."